Una laiseni ya bastola na unataka kuingia mbuga ya wanyama? Soma hii kabla ufike geti

Mimi ni dereva wa watalii hapa Nakuru, na kila msimu wa likizo swali naulizwa sana sio flamingo walihamia wapi, sio chui anaonekana saa ngapi, ni hili: "niko na laiseni, naeza ingia na bastola yangu?" Na wanaouliza sio watu wabaya. Wengi ni wafanyibiashara wanatoka Eldoret, Kericho, Kisumu huko, wamezoea kubeba sababu ya barabara ya usiku na pesa ya duka, sasa wanafika Lanet, geti moja la mbuga ya Lake Nakuru, na bibi na watoto kwa gari na ile kitu bado iko kiunoni. Wengine ni ndugu zetu wa ng'ambo wanaokuja Disemba, huko Marekani wamezoea inaruhusiwa, wakifika huku wanashangaa mbona ni tofauti. Nimeamua niandike yote mahali pamoja ju kujibu mtu mmoja mmoja kwa simu haiishi, na ju naona kabisa hii maneno inaweza kuua mtu.

Jibu ni iache nyumbani. Sasa wacha nieleze kwa nini, na ufanye nini badala yake.

Sheria kwanza

Kenya hakuna mahali katiba inakupa haki ya kubeba bunduki. Unapewa cheti chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na bodi iliyokupa inaweza kukunyang'anya. Hio cheti ni ruhusa ya kuwa na silaha, sio ruhusa ya kuingia nayo kila mahali unapotaka. Mbuga za kitaifa ziko chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na mgeni haingii na silaha bila idhini yao, na hio idhini si kitu cha kubembelezea askari wa geti Jumamosi asubuhi na foleni ya magari nyuma yako inapiga honi.

Kuna watu wanaona hii ni uonevu. Mimi nasema angalia tumetoka wapi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na tangu siku hio raia hana sababu halali ya kuwa katikati ya wanyama wa pori na bunduki ya kuwindia. Kabla ya hapo na hata baada ya hapo wanyama walimalizwa. Ndovu walihesabiwa karibu 167,000 mwaka 1973, kufika 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000. Faru weusi walikuwa karibu 20,000 mwaka 1970, miaka ya themanini ikiisha walikuwa chini ya 400. Waliowamaliza walikuja na bunduki za kivita, AK na G3, wakaua wanyama na wakaua askari pia. Mwaka 1988 serikali ikatoa amri majangili wenye silaha wapigwe risasi wakipatikana, mwaka 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe za ndovu pale Nairobi National Park, na KWS yenyewe ilizaliwa hapo hapo kwa hio vita.

Kwa nini nakurudisha huko nyuma? Ju renja unayekutana naye leo amefunzwa kutokana na hio historia. Akiwa doria na aone mtu hana uniform yuko kichakani na bunduki, yeye hajui wewe ni mwenye hardware pale mtaa wa Section 58 na laiseni yako iko kwa mfuko wa nyuma. Anaona jangili. Ako na sekunde chache za kuamua na wenzake wamewahi kuuawa na watu walioonekana hivyo hivyo. Na Lake Nakuru sio mahali pa kujaribu bahati, ni makao ya faru tangu miaka ya themanini, imezungushiwa ua wa stima pande zote, na faru wamewahi kuuawa ndani humo licha ya ua. Walinzi wake hawalali. Mimi nikifikiria hii debate yote, hili ndilo linaniogopesha kuliko simba: raia mzuri na renja mzuri, wote wana silaha, hawajuani, jua linatua.

Nayo ile sheria ya wanyamapori ya 2013 ilipopitishwa ilikuja na faini isiyopungua milioni 20 ama kifungo cha maisha kwa makosa ya wanyama walio hatarini. Risasi yako ikimpata faru kwa bahati mbaya, utaanza kueleza kortini.

Kabla ya safari

Kama unatoka nyumbani na unajua unaenda mbuga, fungia bastola kwa sefu kabla upakie watoto. Sio kwa droo, sio chini ya godoro, sefu. Sheria inakudai wewe mwenye cheti uitunze salama, na ikiibiwa wewe ndio utaandika statement.

Kama unatoka mbali na umeibeba sababu ya barabara, panga mapema. Piga simu kituo cha polisi cha mji unaofikia uulize kama wanaweza kukuwekea, ukienda nenda na cheti chako na kitambulisho, iandikwe kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na namba ya bunduki na hesabu ya risasi, na usitoke hapo bila kujua nani atakurudishia na saa ngapi. Kama hoteli yako ina mahali pa kuhifadhi silaha waulize kabla ya kulipa, usifike mapokezi usiku ndio uanze kutoa bastola kwa kaunta watu wakiangalia.

Chenye hutakiwi kufanya ni kuificha kwa gari. Najua watu wanafanya, chini ya siti, kwa dashibodi, ndani ya mkoba wa mama. Gari ikisimama Baboon Cliff milango wazi watu wakipiga picha, mtoto anatafuta biskuti anapata bastola. Na nyani je, nyani wa pale wanaingia gari na kubeba mkoba mzima ju wamezoea mkoba una chakula.

Umeshafika geti na iko nawe? Usishuke ukiishika, usiitoe "kuonyesha". Mikono ikae kwa usukani, fungua dirisha, mwambie askari kwa sauti ya kawaida: afande, nina cheti cha bunduki na silaha iko kiunoni upande wa kulia, naomba maelekezo. Kisha ngoja. Fuata chenye atasema. Kama atakuambia rudi mjini ukaiweke, rudi, kutoka Lanet mpaka katikati ya jiji sio mbali. Tiketi siku hizi ni ya eCitizen, hakuna pesa taslimu, kwa hivyo maliza hii shida ya bunduki kwanza ndio ulipe.

Na kwa wale wa pepper spray: usidhani hio ni njia ya kukwepa. Sheria yetu ya bunduki inagusa pia vitu vilivyotengenezwa kurusha gesi au maji ya kudhuru, kwa hivyo usiipakie kwa begi ukijiambia si bunduki.

Mambo ya Marekani

Ndugu wa Texas na Minnesota wananiambia "lakini huku kwetu ni halali", na ni kweli, lakini wengi hawajui hata kwao ni halali kivipi. Kwa miaka mingi sheria ya mbuga za kitaifa za Marekani ilisema bunduki ikae bila risasi na imefungiwa. Mwisho wa 2008 serikali ya Bush ikalegeza, Machi 2009 jaji mmoja wa Washington akasimamisha, halafu seneta Tom Coburn wa Oklahoma akachomeka kipengele cha bunduki ndani ya mswada wa kadi za mkopo, ndio, kadi za benki, na Obama akausaini Mei 2009. Ikaanza kazi tarehe 22 Februari 2010. Tangu hapo unaingia na bunduki kama sheria ya jimbo ile mbuga iko inakuruhusu. Lakini kuifyatua kwa mbuga nyingi bado ni kosa, na ndani ya majengo ya serikali, kama vile ofisi za wageni, bado hairuhusiwi.

Mei ya mwaka huo huo wa 2010 pale mbuga ya Denali, Alaska, mtu anatembea na mwenzake, dubu akatoka kichakani akawajia, jamaa akampiga na bastola ya .45, risasi karibu tisa. Dubu hakuanguka pale pale, aligeuka akaingia kichakani akapatikana baadaye amekufa. Hawa wawili walipona na mimi sitawaambia walikosea kupona. Wanaotetea bunduki wanatumia hio hadithi, na wana haki. Lakini utafiti wa wanasayansi akina Tom Smith na Stephen Herrero kuhusu dubu wa Alaska ulipata mambo mawili: dawa ya pilipili ya kupuliza ilisimamisha dubu zaidi ya mara tisa kwa kumi, na kwa visa 269 vya dubu na watu wenye bunduki, aliyeifyatua na ambaye hakuifyatua waliumia karibu sawa. Wenye bunduki wanasema mambo hayo mawili hayalinganishwi, ju mtu hupiga risasi wakati mambo yameshaharibika. Sawa, hoja nzuri. Lakini bado haijibu ya kwetu, ju sisi hatuna dubu, tuna nyati.

Afrika Kusini wako katikati. Pale Kruger ukiwa na bunduki yako unaitangaza geti, wanaifunga na sili, ukitoka wanaangalia kama sili iko sawa. Mimi binafsi hio naona ni busara na ningependa siku moja KWS waweke mpango ulioandikwa vizuri kama huo kwenye kila geti, hasa mageti ya barabara kuu kama Lanet, ju watu wenye laiseni watazidi kuja na askari asiachwe aamue kwa kichwa chake.

Nyati, na kwa nini bastola yako ya Ceska haitakusaidia

Hapa nitakaa kidogo ju hapa ndio watu wanajidanganya.

Nyati dume ana kilo 700, 800 hivi. Pembe zimeungana juu ya paji la uso kama ngao. Anakimbia kilomita 50 kwa saa na zaidi, kwa hivyo akitoka kichakani mita 30 kutoka kwako, una kama sekunde mbili. Sasa toa bastola chini ya shati, toa sefti, lenga, piga. Umemaliza? Ameshafika. Na hata ukiwa wa haraka, risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu nane hivi. Wawindaji wa kusini mwa Afrika wanaokwenda nyati wanatumia bunduki kubwa ya .375 kwenda juu, ambayo nguvu yake inazidi ya bastola yako mara kumi na zaidi, na bado wanakwenda wawili watatu, na bado wengine wanauawa. Bastola itamkasirisha. Nyati aliyejeruhiwa harudi nyuma, anakusubiri, na kama si wewe atapata mtu mwingine kesho, pengine mama anayeokota kuni nje ya ua.

Kwa hivyo na nyati kazi yako ni kumwona mapema. Ogopa madume wa pekeyao kuliko kundi, wale wazee wawili watatu wamejaa matope wanalala kivulini karibu na maji. Kundi la nyati mia mbili kwa uwanja wazi litakuangalia na kuondoka, mzee mmoja kwenye kichaka cha leleshwa hataondoka. Asubuhi mapema na jioni usipite njia nyembamba ya vichaka. Akiinua kichwa akikuangalia juu ya pua, umeshakaribia sana, rudi polepole bila kumpa mgongo. Kwa gari acha angalau mita 20 na injini ikinguruma.

Hell's Gate ndio mahali pa kufikiria sana ju pale unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli katikati ya wanyama, sio wengi duniani wana bahati hio. Kaeni pamoja, msiachane kilomita moja ati mmoja anapiga selfi. Ukiona nyati karibu na barabara simameni, mngojee aende ama mpite gari likipita kati yenu na yeye. Akija kweli, tupa baiskeli, tafuta mwamba ama mti, panda hata mita mbili. Kama hakuna chochote, wazee wa kazi hii wanafundisha ulale chini kabisa tumbo kwa udongo, ju pembe zake zimetengenezwa kurusha kitu kilichosimama.

Kiboko ni rahisi kueleza na ngumu kufuata. Usisimame kati yake na maji, hasa jioni anapotoka kula na alfajiri anaporudi. Watu wa Dunga pale Kisumu na wa Naivasha wanajua. Na sasa maziwa yamepanda, Lake Nakuru yenyewe ilimeza geti kuu la zamani na barabara ya ufuoni, kwa hivyo ramani ya zamani kichwani mwako isikudanganye maji yako wapi na kiboko anatokea wapi.

Nyani: funga dirisha, usile ukiwa nje pale Baboon Cliff, akishika chakula mwachie. Mwachie tu. Nimeona mwanaume mzima anashindana na nyani juu ya kuku aliyefungwa kwa karatasi, watoto wake wakilia. Huyo angekuwa na bastola angepiga, na nyuma ya huyo nyani kulikuwa na gari la shule.

Simba: kaa ndani. Watoto wasitoke kichwa kwa dirisha la juu.

Tairi imepasuka ndani ya mbuga

Naiweka pekeyake ju hapa ndio nimesikia mara nyingi zaidi, "ningekuwa na bastola ningeshuka nibadilishe tairi bila wasiwasi." Hapo ndio shida yote iko. Silaha inakupa ujasiri wa kufanya kitu ambacho bila silaha ungekuwa na akili ya kutokifanya. Bila bastola unakaa ndani unapiga simu. Ukiwa nayo unashuka kwenye nyasi ndefu, unapiga magoti, mgongo kwa kichaka, mikono imejaa spana, na bastola iko chini ya shati imebanwa na mkanda. Simba hajui uko na laiseni.

Fanya hivi. Ukiingia geti uliza namba ya simu ya ofisi ya mbuga na uihifadhi kabla uondoke hapo, ju ndani mtandao unapotea sehemu zingine. Tairi ikipasuka sogeza gari polepole mpaka mahali wazi hata kama rimu itaumia, rimu inanunuliwa. Washa taa za hatari, piga simu, waambie kibao cha mwisho ulichopita na gari ni rangi gani. Simu ikikataa, ngoja gari lingine, simamisha na honi, mpange magari mawili mmoja akiangalia huku na mwingine kule wakati mmoja anabadilisha. Maji ya kunywa yawe ya kutosha, na kumbuka tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani, beba mtungi.

Kuna hatari ambazo hakuna risasi inagusa. Septemba 2019 mvua ilinyesha mbali, maji yakashuka ghafla kwenye korongo la Hell's Gate yakabeba watu wakafa. Mawingu yakiwa meusi huko juu, usiingie kwenye korongo hata kama mahali uko jua linawaka. Mlima Elgon kuna pango la Kitum, ndovu wanaingia usiku kulamba chumvi, mahali pa ajabu kabisa, lakini mwaka 1980 na 1987 wageni wawili waliokuwa wameingia humo walipata virusi hatari vya Marburg na wakafa. Usishike popo, usishike kinyesi chao, uliza renja kabla ya kuingia, vaa barakoa na glavu. Ruma kule Lambwe usivae bluu wala nyeusi ju ndorobo wanazipenda hizo rangi. Na kasi: kilomita 40 kwa saa na chini. Mara ngapi nimepita pundamilia amegongwa na mtu anakimbilia geti kabla lifungwe.

Kama unataka bunduki iwe karibu, chukua renja

Hii ndio wengi hawajui na ndio suluhisho. Unaweza kulipia renja wa KWS aende nawe, nusu siku ama siku nzima, bei iko kwa eCitizen na getini. Yeye ana silaha inayofaa, amefunzwa lini apige na muhimu zaidi lini asipige, ana redio, na wenzake wanajua yuko wapi na nani. Mlima Elgon usipande bila yeye. Mnakutana geti la Chorlim asubuhi, mpe jina la kila mtu, mwambie nani ana pumu na nani anaogopa urefu, tembea nyuma yake, akiinua mkono nyamazeni.

Na kwa Elgon kuna kitu kingine ambacho mgeni wa Nairobi hafikirii. Watu wa Kopsiro na Cheptais waliishi 2006 mpaka 2008 na wanamgambo wa SLDF, kundi lenye silaha la huko mlimani, halafu Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha, na raia wakaumia pande zote mbili. Huko mlio wa risasi msituni sio mchezo wa kutishia nyani. Mama anasikia anakusanya watoto. Hata ungekuwa na ruhusa zote za dunia, heshimu hao watu.

Saiwa Swamp karibu na Kitale huhitaji hata hayo, ni mbuga ndogo ya kutembea kwa mguu juu ya mbao kutafuta nzohe, na Impala Sanctuary ya Kisumu unaingia na watoto wa nasari. Anza na hizo kama unaogopa. Uoga wa mara ya kwanza ni kitu cha kawaida na hautibiwi na bastola, unatibiwa na kwenda mahali padogo na mtu anayejua.

Nyinyi mnaoishi karibu na ua

Kuna debate nyingine ambayo ni nzito kuliko ya watalii, ya wakulima wanaosema nyati na nyani wanamaliza mahindi na serikali iwape bunduki wananchi. Mimi siwezi kuwadharau, mtu amelala nje na tochi akilinda shamba usiku kucha anajua chenye anasema. Lakini bunduki kwa kila boma tumeona ilikowafikisha majirani zetu wa Kerio Valley, ilianza kama ya kulinda ng'ombe ikaishia watu kuuana.

Chenye unaweza kufanya sasa ni kudai haki iliyoandikwa tayari. Sheria ya 2013 inasema fidia ni milioni 5 mtu akiuawa na mnyama, milioni 3 akibaki na ulemavu wa kudumu, na mpaka milioni 2 kwa majeraha mengine, na mazao na mifugo pia yana fidia. Ripoti haraka kwa ofisi ya KWS iliyo karibu na kwa polisi, chukua namba ya OB, piga picha za nyayo na shamba kabla mvua ioshe, hospitalini omba ripoti ya daktari iliyoandikwa ni mnyama gani, jaza fomu ya madai na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Inapelekwa kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Inachelewa, najua familia zimengoja miaka na hio inaniuma, ju mtu akikosa fidia ndio anaanza kutafuta sumu na bunduki. Kwa hivyo endeni kwa kundi, mkiwa na majina na tarehe zenu kwa karatasi moja, na mfuate chifu na MCA, mjumbe wenu wa bunge la kaunti, mpaka muambiwe kamati itakaa lini.

Na mswada wowote wa wanyamapori ukiletwa kwa maoni ya umma, tuma memoranda, yaani maoni yako kwa maandishi, kabla siku ya mwisho. Andika kwa Kiswahili chako, andika kijiji, andika mnyama gani na mwezi gani, halafu sema waziwazi unataka nini: mimi nitaandika nataka renja waongezwe, fidia ilipwe kwa wakati, na kila geti liwe na sefu na kitabu cha kusajili silaha za wapita njia ili mtu aliyetoka Eldoret usiku asilazimike kuchagua kati ya kudanganya askari na kurudisha watoto nyumbani.